Walter Tull: alitukanwa uwanjani mwaka 1909, akawa ofisa mwaka 1917



Mimi ni mutu wa agronomia. Kazi yangu ni mbegu, udongo na kitabu cha shamba. Historia nasoma tu juu naipenda. Leo nataka niwaelezee maisha ya muchezaji mumoja wa zamani, Walter Tull, Mwingereza mweusi aliyeanza kulipwa mushahara wa mupira mwaka 1909. Wengi wetu hatujamusikia. Hata mimi sikumujua mupaka siku nilianza kutafuta jibu la jambo moja lililonisumbua, na jambo lenyewe lilitokea hapa kwetu.

Ilikuwa mechi ya vijana, mambo ya amani, ile yenye wakubwa wanatoa hotuba mbele na Fanta nyuma. Uwanja munaujua, hata kama siutaji: umeinama upande moja, mupira ukitoka unateremuka mupaka kwenye mashamba ya maharagi, na mutoto anatumwa kuufuata. Upande wa kushoto alikuwa anacheza kijana mumoja mwembamba, mwepesi kabisa. Alipita watu wawili, watatu, kama vile hawako. Sasa kila akigusa mupira, kundi lililosimama nyuma ya goli linapiga kelele: «Rudia kwenu! Rudia kwenu!»

Kwao ni wapi? Alizaliwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka ule uwanja. Tulisoma naye shule moja ya sekondari.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya lile goli. Sikupiga kelele. Lakini nilicheka pamoja na wengine. Musimu uliofuata yule kijana hakurudia kucheza.

Basi, tuingie kwa Walter Tull, kisha tutarudia hapa.

Mutoto wa seremala

Walter Tull alizaliwa tarehe 28 Aprili 1888 huko Folkestone, muji wa pwani kusini mwa Uingereza. Baba yake, Daniel, alikuwa seremala aliyetoka kisiwa cha Barbados, huko Karibiani. Baba ya Daniel aliishi utumwani, kwenye mashamba ya miwa ya wazungu. Mama ya Walter, Alice Palmer, alikuwa muzungu wa jimbo la Kent. Maana yake, kutoka utumwani mupaka kwenye timu kubwa za London, kulipita vizazi viwili tu.

Mwaka 1895 mama alikufa kwa kansa. Baba akaoa binamu ya mama ili watoto wapate mulezi. Mwaka 1897 baba naye akafa, ugonjwa wa moyo. Yule mama wa kambo alibaki na watoto wengi bila mushahara. Mwaka 1898 alifanya kile ambacho mama wengi wa kwetu wamekifanya wakati wa vita: alitenganisha watoto ili wote wapate kula. Walter na kaka yake Edward walipelekwa kwenye nyumba ya mayatima ya Wametodisti huko Bethnal Green, mashariki ya London. Walter alikuwa na miaka kumi hivi.

Miaka miwili haijapita sana, Edward akachukuliwa na familia moja ya Glasgow, kule Scotland. Familia ile ilimulea kama mutoto wao, ikamusomesha, akawa daktari wa meno. Walter alibaki peke yake kwenye nyumba ya mayatima. Alifundishwa kazi ya kuchapa vitabu na magazeti. Na alicheza mupira kwenye timu ya mayatima.

Wenye mulilelewa kwa mujomba, kwa shangazi ama kwa mapadri munaelewa: ndugu wawili wa tumbo moja, mumoja anaenda huku, mwingine anabaki kule, na kila mumoja anatengeneza maisha na kile alichopewa. Walter alikuwa amepewa miguu.

Mwaka 1908

Kufika mwezi wa 10 mwaka 1908, Tull alikuwa kwenye timu ya kwanza ya Clapton, kilabu cha London cha wachezaji wasiolipwa. Musimu ule Clapton ilichukua Kombe la Uingereza la wachezaji wasiolipwa, pamoja na vikombe viwili vya London. Magazeti yakaanza kumutaja.

Mwezi mumoja tu baada ya Tull kuingia Clapton, tarehe 15 Novemba 1908, Kongo iliacha kuwa mali ya mufalme Léopold wa Pili, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Naweka hizi tarehe mbili pamoja juu tunapenda kufikiri historia ya mupira ni kitu kingine, historia ya nchi ni kitu kingine. Saa ni moja ile ile. Mutoto wa mutoto wa mutumwa anapigiwa makofi London, na babu wa babu zetu wanapewa bwana mupya bila kuulizwa.

Mupira wa kulipwa uliruhusiwa Uingereza tangu mwaka 1885. Mweusi wa kwanza kuingia humo alikuwa Arthur Wharton, aliyezaliwa Accra mwaka 1865, kipa ambaye tena alikuwa mukimbiaji mukali kabisa. Tull alikuja nyuma yake, kwa hiyo hakuwa wa kwanza, lakini alikuwa kati ya wachache sana.

Mwaka 1909 Tottenham Hotspur, iliyokuwa imepanda daraja la kwanza, ilimuita. Kwanza walienda naye kwa meli mupaka Argentina na Uruguay kucheza mechi za ziara. Kisha akasaini. Mushahara ulikuwa paundi 4 kwa juma. Ndiyo kilele: tangu mwaka 1901 sheria ya mupira wa Uingereza ilikataza kilabu kumulipa muchezaji zaidi ya paundi 4 kwa juma. Yatima wa Bethnal Green alikuwa anapokea sawa na muchezaji mukubwa yeyote wa nchi.

Mwezi wa 9 mwaka 1909 akaanza ligi. Mechi yake ya kwanza nyumbani ilikuwa na Manchester United, waliokuwa wamechukua Kombe la FA mwaka ule, mbele ya watu zaidi ya 30 000.  Alikuwa na miaka 21.

Bristol

Tarehe 9 Oktoba 1909 Tottenham ilienda kucheza Bristol. Huko, sehemu ya mashabiki wa Bristol City ilimutukana Tull juu ya rangi yake, kwa maneno machafu. Hii hatuijui kwa masimulizi ya kijiweni. Tunaijua juu mwandishi wa gazeti moja la mupira alikuwa uwanjani na aliandika. Hakuandika kwa kuzunguka. Alisema wazi kwamba wale mashabiki walifanya aibu, na kwamba yule aliyetukanwa alikuwa mushambuliaji bora uwanjani siku ile, tena musafi wa moyo na wa muchezo, mufano kwa wazungu wote wenye kucheza mupira.

Musome vizuri hii. Uwanjani mulikuwa maelfu ya watu. Kundi moja lilitukana. Wengi walikaa kimya, na nina hakika kulikuwa pia wenye kucheka. Mutu mumoja alitoa kalamu. Leo, zaidi ya miaka mia moja nyuma, wale maelfu hawana jina, na kile kinachobaki kama ushahidi ni mistari ya yule mumoja.

Lakini kalamu haikumuokoa Tull pale pale. Baada ya Bristol alianza kukaa inje ya timu ya kwanza. Kwa jumla alichezea Tottenham mechi 10 za ligi na kufunga magoli 2, kisha akatupwa kwenye timu ya akiba. Kijana aliyekuwa anasifiwa mwezi wa 9, mwisho wa mwaka hakuwa anaonekana tena.

Hapa wengine watasema: «Labda alishuka kiwango.» Mimi nitajibu kama mutu wa shamba. Mukulima akikuletea mbegu na kusema haifai, hauitupi moto. Unamuuliza: uliipanda wapi? Udongo ulikuwa na nini? Unaichukua, unaipanda mahali pengine, kisha njo unahukumu. Kwa bahati, kwa Tull jaribio hilo lilifanyika.

Udongo mwingine

Mwezi wa 10 mwaka 1911 akanunuliwa na Northampton Town, kilabu kidogo cha ligi ya kusini. Kocha alikuwa Herbert Chapman. Wapenzi wa Arsenal munajua hili jina: ni yule yule aliyekuja kuifanya Arsenal kuwa Arsenal miaka ya 1930. Wakati ule alikuwa bado kijana, anatafuta wachezaji wenye timu kubwa wameshindwa kuona.

Chapman alimuangalia Tull akicheza mbele, kisha akamurudisha katikati, awe kiungo, mahali ambapo mutu anatakiwa kuona uwanja wote. Tull akashika. Alikuwa na siku kubwa pia za kushambulia: mwezi wa 4 mwaka 1912 alifunga magoli manne katika mechi moja na Bristol Rovers. Muji ni ule ule wa Bristol, timu nyingine. Kwa jumla alichezea Northampton mechi 111 na kufunga magoli 9, na watu wa muji ule wakamupenda kabisa.

Mbegu ilikuwa moja. Mechi 10 kule, mechi 111 huku. Mimi nimemaliza.

1914, kwao na kwetu

Vita ya kwanza ya dunia ilianza mwezi wa 7 mwaka 1914. Mwezi wa 12 Tull aliacha mupira, akajiandikisha katika batayo ya 17 ya Middlesex, iliyoitwa batayo ya wachezaji juu iliundwa na watu wa mupira. Mwaka 1915 alipelekwa Ufaransa, kwenye mahandaki. Alikuwa amekwisha kupanda cheo, akawa sajenti. Mwaka 1916 akili yake ilichoka kwa mabomu, akarudishwa Uingereza kutibiwa. Akapona, akarudi Ufaransa, kwenye mapigano ya muto Somme.

Sasa geuzeni macho upande wetu. Ile vita tunaifundishwa shuleni kama vita ya Ulaya, lakini moto wake ulifika hapa mapema. Wajerumani walikuwa Gisenyi, upande ule wa mupaka. Mwezi wa 9 mwaka 1914 walichukua kisiwa cha Idjwi. Wabelgiji wakakaa Kibati, chini ya Nyiragongo, kwenye barabara ya Goma na Rutshuru tunayopita kila siku. Mwaka 1916 Force Publique, chini ya jenerali Tombeur, ilivuka mupaka, ikaingia Kigali mwezi wa 5, ikaendelea mupaka Tabora, iliyoanguka tarehe 19 Septemba 1916. Huko Ubelgiji Tombeur alipewa utukufu, jina la Tabora likaunganishwa na jina lake.

Nani alibeba risasi, mizinga, unga na masanduku ya divai ya wakubwa? Hakukuwa kamyo. Walibeba watu, kwa kichwa na kwa mabega. Hesabu inayotajwa kwa vita ya Wabelgiji ni wapagazi 260 000. Maelfu walikufa, wengi kwa njaa, kwa kuhara na kwa baridi, si kwa risasi. Watu wa Kivu walikuwa ndani.

Babu yangu alikuwa anatuelezea habari ya baba yake jioni, tukimenya viazi. Alikuwa anasema maneno machache tu: «Balibachukuaka asubui, na kamba. Balienda bengi. Benye kurudia, ungebahesabu na vidole.» Baba yake alirudia. Alikuwa na alama kwenye bega, ngozi iliyokuwa ngumu kama ya kisigino, na hakupenda kuulizwa. Hakuna karatasi yenye jina lake. Nilijaribu kutafuta. Anaishi tu mu kinywa cha babu, na babu naye sasa amezikwa.

Kuna mahali pamoja ambapo wale wapagazi wameacha jina, na wote munalijua bila kujua kwamba munalijua. Dar es Salaam kuna mutaa unaitwa Kariakoo. Simba iko pale Msimbazi, Yanga iko pale Jangwani, na wakati Fiston Mayele, mutoto wa Kongo, alikuwa anafungia Yanga, sisi wote tulikuwa tunaangalia kwenye simu. Jina Kariakoo limetoka kwa neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, juu kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza ilikuwa pale. Ukisema «Kariakoo» unawataja wenye kubeba mizigo ya vita ya wazungu. Mutaa wenye mupira mukubwa kuliko yote Afrika ya Mashariki umesimama juu ya jina lao.

Ofisa

Turudie kwa Tull. Mwisho wa mwaka 1916 aliugua tena, akarudishwa nyumbani. Wakubwa wake walikuwa wamemupendekeza kwa shule ya maofisa. Sasa, kitabu cha sheria za jeshi la Uingereza cha mwaka 1914 kilikuwa na kifungu wazi: mutu mweusi ama mwenye rangi asipewe madaraka ya kweli ya kuamuru askari. Hata hivyo, mwaka 1917 Tull alienda kusoma kwenye shule ya maofisa huko Gailes, Scotland, na mwezi wa 5 akatoka na cheo cha luteni wa pili. Sheria ilikuwa ingali kwenye karatasi. Wenye kumujua waliona mutu, wakaacha karatasi pembeni.

Hii inahitaji kupimwa na kipimo chetu. Force Publique iliundwa miaka ya 1880. Askari wake walishinda Tabora. Lakini kwa miaka yote ya ukoloni, Mukongomani hakuweza kuwa ofisa humo. Alisimama kwenye vyeo vya chini. Ilibidi tufike uhuru, mwezi wa 7 mwaka 1960, askari waasi kwanza, ndipo Victor Lundula na Joseph Mobutu wakapewa uongozi wa jeshi kwa siku chache, bila matayarisho. Kati ya Tull na wao kuna miaka 43. Munataka kujua juu ya nini jeshi letu lilianza vile lilianza? Hii ni sababu moja. Watu walifungiwa mulango miaka mingi, kisha siku moja wakatupiwa ufunguo usiku. Mwaka 1960 hakukuwa mutu aliyekuwa amefundishwa kuongoza.

Hata mu mupira tulingoja. Léon Mokuna, aliyetoka Léopoldville, aliingia Sporting ya Lisbon mwaka 1954. Kutoka Tull kusaini Tottenham mupaka Mokuna kusaini Lisbon ni miaka 45. Nadhani katika hiyo miaka 45 kulikuwa Wakongomani wengi wenye miguu ya Mokuna. Mulango ndio ulikuwa haupo.

Piave na Favreuil

Mwisho wa mwaka 1917 batayo ya Tull ilipelekwa Italia, kwenye muto Piave. Mwanzo wa mwaka 1918, usiku, katika baridi kali, aliongoza askari 26 kuvuka ule muto upande wa adui, wakafanya kazi yao, wakarudi wote 26. Hakupoteza hata mumoja. Jenerali wake alimusifu kwa maandishi kwa ushujaa na kwa kutulia. Naomba mutafakari: askari 26 wazungu, gizani, ndani ya maji, wanamufuata luteni mweusi mwenye sheria ilisema hafai kuwaamuru. Wanarudi wote.

Mwezi wa 3 mwaka 1918 walirudishwa Ufaransa. Wajerumani walikuwa wameanza shambulio kubwa. Tarehe 25 Machi 1918, karibu na kijiji cha Favreuil, Tull alipigwa risasi akafa. Alikuwa na miaka 29. Askari wake walirudi chini ya risasi kujaribu kubeba mwili wake. Mumoja wao alikuwa Tom Billingham, zamani kipa wa Leicester. Hawakuweza. Mwili haukupatikana. Jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa Arras pamoja na maelfu ya wengine wasio na kaburi.

Hapa hadithi ingeisha. Kwa miaka mingi iliisha kweli: hata Waingereza wengi hawakumujua. Arthur Wharton naye alikufa masikini mwaka 1930, akazikwa kwenye kaburi lisilo na jiwe, na jiwe lilikuja kuwekwa mwaka 1997. Mwanahistoria Phil Vasili alianza kufungua karatasi za zamani kuhusu wachezaji weusi wa kwanza. Akamukuta Tull kwenye karatasi za kilabu, kwenye magazeti, kwenye faili za jeshi, kwenye barua za familia. Mwaka 1999 Northampton ilisimamisha ukumbusho wake karibu na uwanja wao.

Kumbe kila hatua ya kumufufua ilitegemea mutu fulani aliyeandika wakati ule. Karani wa nyumba ya mayatima aliandika. Mwandishi wa Bristol aliandika. Jenerali wa Italia aliandika. Hawakujua ni kwa nani wanaandika.

Kitabu cha shamba

Kwenye kazi yangu, kitu cha kwanza tunafundisha mukulima ni kitabu cha shamba: ulipanda siku gani, mbegu gani, mvua ilianza lini, ulivuna kilo ngapi. Wengi wanacheka: «Musomi, mimi nakumbuka yote kichwani.» Kisha musimu wa pili wanabishana bibi na bwana, ni upande gani wa shamba ulioza viazi. Kichwa kinapenda kusahau kile kinachouma.

Sisi wa Masisi na Walikale tuko na shida hiyo kama jamii. Tunakumbuka mabaya ya wengine vizuri sana, na tarehe tunazo. Mabaya tuliyofanya nyuma ya goli hatuyaandiki. Na mazuri ya watu wetu, wacheza mupira waliokuwa wanatembea na miguu siku mbili kwenda kucheza mechi moja, walimu waliokuwa waamuzi, wapagazi wa 1916, hayo pia hatuyaandiki. Tunangoja muzungu aje na mukopo wa utafiti.

Kwa hiyo naomba jambo moja dogo kwa kila mumoja anayesoma. Kabla ya mwisho wa mwezi, kaa na muzee mumoja, wa kwenu ama wa kabila lingine, ingekuwa bora wa kabila lingine. Muulize: nani alikuwa anacheza vizuri hapa zamani? Nani alienda na mizigo? Andika jina, kijiji, na mwaka kama anaukumbuka. Tarehe ya siku ulipoandika, weka pia. Kurasa mbili zinatosha. Hata kama umekimbia vita, muzee yuko kwenye kambi karibu na wewe.

Tena, siku ukiwa uwanjani na kelele ya «Rudia kwenu» imeanza, kumbuka kwamba mahali pa kusimama ni patatu tu: na wenye kutukana, na wenye kucheka, ama na yule mwenye kalamu. Mahali pa nne hakuna. Mimi nilidhani kukaa kimya na kucheka kidogo ni pa nne. Hapana.

Nilipomaliza kusoma habari ya Bristol, nilitafuta namba ya yule kijana wa kushoto. Haikuwa rahisi, ameisha kuhama mara tatu. Nikamuandikia kwenye simu. Nikamuambia nilikuwa pale, nyuma ya goli, na kwamba nilicheka, na kwamba yeye ndiye alikuwa bora uwanjani siku ile. Ilipita siku mbili bila jibu. Siku ya tatu akajibu maneno matatu:

«Njo leo unaniandikia?»

Ana haki. Ni kweli nimechelewa. Lakini sasa imeandikwa, na wenzangu nyuma ya lile goli, mukisoma hapa, munajijua.